Siku Nne za Aprili

Katika daftari langu la pili la mvua kuna siku nne ambazo sikupima. Ni siku za Aprili 1999. Malaria ilinilaza hospitali, na kipima mvua kikabaki peke yake nyuma ya nyumba za walimu, Nyaishozi. Niliporudi nilikuta chupa imejaa pomoni na maji yamefurikia kwenye mkebe wa nje. Yalikuwa maji ya siku nne yaliyochanganyika, na hakuna mtu ambaye angeweza kuyatenganisha tena. Lakini fomu ya mwezi ilikuwa na visanduku thelathini, vinne vikiwa vitupu, na mimi niliyezoea kuwakemea wanafunzi wanaoacha maswali bila jibu sikuvumilia kuviona hivyo. Nikawauliza majirani. Mmoja akasema Jumanne ndiyo ilinyesha sana. Mwingine akasema hapana, ni Jumatano. Nikayagawanya maji kwa kukisia: 20, kisha 15, kisha 0, kisha 30. Nikatia sahihi, nikatuma.

Miaka saba ilipita kabla mtu hajaniuliza juu ya visanduku hivyo. Siku alipouliza ndipo nilipoanza kuielewa kazi niliyokuwa naifanya kila asubuhi, na siku hiyohiyo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya watu wanaopima barafu ya bahari kwenye ncha za dunia.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilifundisha Nyaishozi tangu 1996, na 2008 nikahamishiwa Nkwenda, wakati huo ikiwa bado ndani ya wilaya moja ya Karagwe. Kyerwa ilijitenga 2012. Kupima mvua hakukuwa ajira yangu. Nilikikuta kifaa shuleni, nikakabidhiwa na mwalimu aliyekuwa anastaafu, pamoja na ufunguo wa uzio na bilauri nyembamba ya kupimia iliyoviringishwa kwenye gazeti. Aliniambia maneno mawili tu: saa tatu. Kila siku, saa tatu asubuhi, iwe Jumapili, iwe Krismasi, iwe siku ya matokeo ya mtihani. Ni saa ileile vinaposomwa vituo vingine vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ili maji ya Karagwe, ya Bukoba na ya Mtwara yahesabiwe katika siku moja.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Ni mkebe wa shaba wenye mdomo wa inchi tano, umezikwa nusu ardhini, mdomo wake ukiwa juu ya nyasi kiasi cha futi moja. Ndani yake mna faneli, na chini ya faneli chupa. Asubuhi unatoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri, unapiga goti mpaka jicho liwe sawa na maji. Maji ndani ya kioo hayalali bapa, hupanda kidogo pembeni na kuacha tumbo katikati, na wewe unasoma pale tumbo linapogusa mstari. Ukisoma umesimama utaongeza milimita ambayo Mungu hakuileta. Bilauri inabeba milimita 10 tu, kwa hiyo baada ya usiku wa mvua kubwa unaijaza na kuimwaga mara nne, mara tano, huku unahesabu kwa sauti usije ukapotea. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipotufikia, nilihesabu kwa sauti hivyo asubuhi nyingi, koti likinidondoka maji.

Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Ekari moja ya migomba ikipata milimita 25 imepokea lita laki moja na zaidi kidogo. Nikiwaambia hivyo wakulima huwa wananyamaza kwanza, kisha wanatazama mashamba yao upya.

Halafu kuna asubuhi za Julai, katikati ya kiangazi, ekyanda kama tunavyoita nyumbani. Chupa ni kavu, faneli ina vumbi na buibui, na wewe unaandika 0.0. Kesho 0.0. Wiki nzima 0.0. Vijana niliowafundisha kazi hii karibu wote walishindwa hapo, si kwenye mvua kubwa. Waliona haina maana kwenda kutazama chupa ambayo wanajua ni tupu. Niliwaambia, na bado nawaambia: sifuri ni kipimo. Ukiandika 0.0 umeiambia dunia kwamba ulikwenda, ukatazama, hapakuwa na maji. Ukiacha kisanduku kitupu umesema kwamba hakuna aliyetazama. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa, na mimi niliyekuwa nayasema kila mwaka nilikuwa na visanduku vinne ambamo nilisema la tatu, ambalo halipaswi kuwapo.

Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka mno, mpaka wavuvi na wenye meli wakapiga kelele, na watafiti wakaanza kutafuta kumbukumbu za mvua popote zilipo. Kina cha ziwa kimepimwa upande wa Uganda tangu 1896, lakini ziwa halijielezi lenyewe. Mto mkubwa kuliko yote unaoingia humo ni Kagera, unaotuzunguka sisi magharibi na kaskazini kabla ya kuelekea mashariki, na mtu akitaka kuuelewa Kagera inabidi ajue vilima hivi vinapokea nini. Ndivyo kijana mmoja wa chuo kikuu alivyofika Nyaishozi na kuomba kunakili madaftari yangu. Nilimwekea meza barazani, nikaendelea na kusahihisha.

Baada ya saa nzima akaniita. "Shikamoo tena, mwalimu. Samahani, hizi siku nne za Aprili zilipimwa?"

Nilimuuliza amejuaje. Akafungua kurasa za jirani. "Tazama. Mkono wako ukipima unaandika 6.3, 11.8, 0.4, 23.7. Hapa unaandika 20, 15, 0, 30. Mvua haijui kuhesabu kwa tano tano."

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Hakunikemea, na hilo liliniuma zaidi. Alieleza tu kwamba angekuta jumla ya maji ya siku nne na maelezo ya mstari mmoja, angeitumia bila wasiwasi, kwa sababu jumla ya mwezi isingeharibika. Angekuta visanduku vitupu, vilevile angejua la kufanya. Lakini alichokikuta ni namba zenye sura ya ukweli, na mtu mwingine asiye makini angeweza kuzibeba kama zilivyo na kusema Aprili 1999, siku fulani, Nyaishozi ilinyeshewa milimita 30. Nilichukua kalamu nyekundu mbele yake, nikazichora mstari bila kuzifuta, nikaandika pembeni: hazikupimwa.

Tulipokuwa tunakula matoke na maharage akafungua kompyuta yake. Alikuwa amesoma Bergen, Norway, akiwa jirani na watu wanaochunguza bahari za kaskazini, akabeba picha ambazo hata hakuzihitaji kwa utafiti wake. Alinionyesha mstari uliokuwa unapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Ni eneo la barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki: Machi imetanda kabisa, Septemba imekuwa ndogo kuliko miezi yote, mwaka baada ya mwaka. Kisha akasogeza kidole mpaka mwisho wa 1987. Hapo mstari ulikuwa umekatika. Tangu tarehe 3 Desemba 1987 hadi katikati ya Januari 1988, hakuna kitu. Setilaiti haikutoa vipimo.

"Hawakujaza?" nikamuuliza.

"Hawakujaza."

Ilikuwa kumbukumbu kubwa ya dunia, inayotazamwa na serikali na vyuo, na ndani yake wiki sita zimeachwa wazi ili kila mtu azione. Wangeweza kukisia, maana walijua barafu ya Desemba huwa inaongezeka na kwa kiasi gani. Waliacha pengo. Nilikitazama kile kimstari kilichokatika muda mrefu kuliko nilivyoitazama ile mistari yote iliyokamilika.

Tangu hapo nimeifuatilia barafu hiyo kama mtu anavyofuatilia ndugu aliye ng'ambo. Kila Septemba, siku zile tunazosubiri mvua za vuli ili tupande maharage, nafungua simu kutazama imefika wapi. Na kila mwaka, mpaka nilipostaafu, niliifundisha kidato cha tatu, ingawa silabasi haikunilazimisha kwenda mbali hivyo.

Swali la kwanza la wanafunzi lilikuwa lilelile: huko nani anakaa kupima? Jibu ni kwamba katikati ya bahari ile hakai mtu, na nusu ya mwaka ni giza, na siku nyingi ni mawingu. Kamera ya kawaida ingeona weusi au weupe usio na habari. Lakini kila kitu duniani, barafu, maji, udongo, hata mwili wa mtu, hutoa mawimbi hafifu ya maikrowevu, usiku na mchana, na mawimbi hayo hupenya mawingu. Barafu ya bahari hutoa kwa nguvu kuliko maji yaliyo wazi. Kwa kitambuzi kilicho angani barafu inang'aa na maji yana giza, hata pale ambapo jicho lisingeona lolote. Bahari imegawanywa katika miraba ya kilomita 25 kwa 25, na kila mraba unahesabiwa kuwa una barafu iwapo walau asilimia 15 yake imefunikwa. Wanafunzi walibishana sana juu ya hiyo 15. Kwa nini isiwe 50? Niliwaambia kwamba namba yenyewe si siri kubwa, kikubwa ni kwamba iliwekwa na haikubadilishwa njiani. Ukianza na 15 mwaka huu, mwakani ukahamia 30 kwa sababu umeona inapendeza zaidi, utapata barafu iliyopungua ilhali kilichobadilika ni wewe.

Mpangilio huo wa kupima kila wakati, sehemu zote, ulianza na setilaiti ya Marekani iitwayo Nimbus-7, iliyorushwa tarehe 24 Oktoba 1978. Mtu wa mkoa wa Kagera hasomi tarehe hiyo bila kusimama. Ni juma lilelile ambalo jeshi la Idi Amin lilikuwa linajiandaa kuingia kwetu, na siku chache baadaye eneo la kaskazini ya mto lilitekwa na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikuwa wanakimbia na magodoro vichwani, na juu yao kifaa kilikuwa kimeanza kuhesabu barafu ya Aktiki. Nilikuwa mtoto, nakumbuka milio na nakumbuka ng'ombe wasio na wenyewe. Sikuwa na habari ya kifaa chochote. Lakini nilipowaonyesha wanafunzi ule mstari, niliwaambia: unaanza hapa, mwaka wa vita vya Kagera, na babu zenu wanaweza kuwaambia walikuwa wapi.

Mwanzo ule Septemba ilikuwa inabaki na barafu ya karibu kilomita za mraba milioni 7. Mwaka 2012 ilishuka hadi milioni 3.4. Tofauti hiyo ni Tanzania karibu nne, bara na visiwani, zilizokuwa nyeupe na sasa ni maji. Baada ya 2012 haijashuka zaidi ya hapo kwa miaka mingi, na wapo waliokimbilia kusema basi, imesimama. Lakini tangu 2007 hakuna Septemba hata moja iliyorudi kwenye viwango vya miaka iliyotangulia. Mwaka mmoja hauna neno. Nyuma ya nyumba ya walimu nimeona mwaka wa mvua nyingi ukifuatwa na wa njaa, na wa njaa ukifuatwa na wa mafuriko, na ningekuwa natoa hukumu kila Desemba ningekuwa nimejikana mara ishirini.

Upande wa kusini ndio unaonifundisha zaidi. Barafu ya bahari kuzunguka Antaktika ilikuwa inaongezeka polepole kwa miaka zaidi ya thelathini, hadi Septemba 2014 ilipozidi kilomita za mraba milioni 20, kubwa kuliko zote katika kumbukumbu ya setilaiti. Kisha ikaporomoka. Februari 2023 ilibaki milioni 1.79, ndogo kuliko zote. Aliyefunga daftari mwaka 2014 aliondoka na habari moja, na aliyeendelea kuandika ana habari nyingine. Wote wawili walipima sawasawa.

Barafu ya bahari ndiyo iliyokuwa ngumu kuwaeleza watoto wa Kyerwa, kwa sababu barafu wanayoijua ni ile ya rangi inayouzwa kwenye mifuko ya plastiki getini. Basi nilikuwa naitumia hiyohiyo. Namtuma mmoja dukani, kwenye friji ya soda, alete kipande kisicho na rangi. Tunakitia kwenye glasi, tunajaza maji mpaka ukingoni, tunaiweka dirishani juu ya karatasi kavu. Barafu imechungulia nje ya maji, na darasa zima huapa kwamba ikiyeyuka maji yatamwagika. Tunaendelea na somo jingine. Dakika arobaini baadaye wanakuja kushika karatasi kwa vidole. Ni kavu. Inayoelea imeshachukua nafasi yake tangu mwanzo, kwa hiyo kuyeyuka kwa barafu ya bahari peke yake hakupandishi kina cha bahari kwa kiasi cha kuonekana. Kinachopandisha ni barafu iliyo juu ya nchi kavu, kama ya Greenland, na maji ya bahari yenyewe kutanuka kwa joto.

"Sasa kuna ubaya gani, mwalimu?" Hapo nilikuwa nawatoa nje, kwenye mapaa mawili ya shule. Moja limeezekwa kwa bati jipya linaloumiza macho, jingine lina kutu nyekundu iliyokolea. Nani yuko tayari kulala mchana chini ya lile la kutu? Hakuna. Barafu ni bati jipya, hurudisha jua lilikotoka. Bahari iliyo wazi ni bati la kutu, hulimeza. Kadiri jipya linavyopungua ndivyo la kutu linavyoongezeka na kuipasha joto barafu iliyobaki. Ndiyo maana kaskazini kule joto limepanda haraka kuliko sehemu nyingine za dunia.

Sikuthubutu kuwaambia kwamba barafu ya Aktiki ndiyo inayochelewesha mvua ya Nkwenda. Mvua yetu ina mabwana walio karibu zaidi: Bahari ya Hindi, unyevu wa misitu ya Kongo, na Ziwa Victoria, ambalo huimwagia Bukoba karibu milimita 2,000 kwa mwaka na kutuachia sisi wa nyuma ya vilima nusu yake au pungufu. Wala sijaipenda barafu ile kwa sababu inatuletea au kutunyima chochote. Naipenda kwa jinsi ilivyopimwa.

Nilipohamia Nkwenda nilifanya kosa la pili, nalo lilichukua muda mrefu zaidi kuonekana. Kipima mvua kiliwekwa uwanjani vizuri, hakuna kitu karibu isipokuwa mche wa mparachichi uliofika kiunoni. Kanuni inasema kitu chochote kinachosimama kiwe mbali na kifaa walau mara mbili ya urefu wake. Mche wa kiunoni ulikuwa mbali vya kutosha. Miaka ikapita, mti ukafanya kazi yake, watoto wakala maparachichi, na namba zangu zikaanza kupungua, hasa mvua za upepo wa mashariki. Nilikuwa karibu kusimama mbele ya kikao cha kata na kusema mvua ya Nkwenda inapungua. Asubuhi moja nikiwa nimepiga goti na bilauri, tone kubwa likanidondokea shingoni ilhali mvua ilikuwa imekatika. Nilitazama juu. Tawi lilikuwa limenyoosha mkono karibu kufika juu ya mdomo wa shaba.

Mti ulikuwa unakinga maji, na mimi nilikuwa napima ukuaji wa mparachichi. Hatukuukata, nilisogeza kifaa. Lakini kabla ya kukihamisha niliomba cha pili, na kwa mwaka mzima nilisoma viwili, kimoja penye mti na kingine penye wazi, nikaziandika namba zote mbili kwa safu mbili. Wenzangu waliona nimezidisha. Nilijua nafanya nini, kwa sababu nilikuwa nimesoma yaliyowapata wa barafu.

Setilaiti haidumu. Kitambuzi cha Nimbus-7 kilibadilishwa na kingine 1987, na hicho kikapokewa na kingine 1991, na kuendelea. Kila kipya kina macho yake: hiki kinaona barafu kidogo zaidi, kile kidogo pungufu. Dawa ni kuviacha cha zamani na kipya viangalie bahari ileile siku zilezile, ili ujue tofauti iliyo ya vifaa na usije ukaiita mabadiliko ya bahari. Mwaka 1987 viliishi pamoja wiki chache tu. Na 2014, watafiti walionyesha kwamba kwenye kumbukumbu ya Antaktika palikuwa na mruko mdogo uliotokana na namna data zilivyounganishwa pale kitambuzi kilipobadilishwa 1991, na sehemu ya lile ongezeko lililozungumzwa miaka mingi huenda ilitoka kwenye kiungo hicho. Nilipousoma mfano huo niliukumbuka mparachichi wangu. Hata wao, na mashine zao zote, walikuwa na tawi juu ya mdomo wa shaba.

Jambo jingine linanitia wasiwasi wa kweli. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imetegemea setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani, na 2025 ilitangazwa kwamba data za setilaiti hizo zingeacha kutolewa, kwa taarifa ya muda mfupi sana. Muda uliongezwa baadaye, na waliokuwa wanategemea data hizo waliweza kuegemea kitambuzi cha Kijapani kilichokuwa angani tangu 2012, na ambacho kwa bahati njema kilikuwa kimeshaishi na vya zamani miaka mingi. Lakini nilipoisoma habari ile nilishindwa kulala. Karibu miaka hamsini ya kumbukumbu ilikuwa inaning'inia kwenye uamuzi wa ofisi moja, kama daftari langu linavyoning'inia kwenye ufunguo wa uzio. Kumbukumbu ndefu ikikatika huwezi kuianzisha tena ilipoishia. Unaanza siku ya kwanza.

Kuna watu walioonyesha kwamba inawezekana kudumu. Kando ya Ziwa Suwa, Japani, makuhani wa hekalu walianza mwaka 1443 kuandika siku ziwa lilipoganda. Tornio, Finland, mfanyabiashara mmoja alianza 1693 kuandika siku barafu ya mto ilipovunjika. Hawakuwa wanasayansi. Walikuwa watu waliokaa mahali pamoja, wakakabidhiana daftari.

Huku kwetu kukabidhiana kumekuwa kwa mdomo, na sisemi kwamba hakuna thamani. Jirani yangu mzee, aliyezidi miaka themanini, huhesabu miaka kwa senene. Ananiambia walikuwa wanakuja Novemba bila kukosa, wanafunika nyasi, na siku hizi hawana adabu, mwaka mwingine wanakuja Desemba, mwingine hawaji. Anakumbuka mvua ya mwaka wa Uhuru, 1961, iliyoendelea mpaka ziwa likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka mitatu, na jamaa zake wa ufukweni wakahama. Namwamini. Lakini pia nimemsikia akinieleza mwaka fulani kwamba hapakuwa na masika kabisa, na mimi nikiwa na daftari la masika hayo mkononi, limejaa. Aliyakumbuka maharage yake yaliyooza, akaiita njaa hiyo ukame. Maharage yalioza kwa maji.

Anapoguna na kuniuliza, "Basi mwalimu, hilo daftari lako linasemaje, mvua inapungua au haipungui?" huwa namjibu kwamba halijasema. Nina miaka 12 ya Nyaishozi na miaka ya Nkwenda iliyofuata, na hiyo ni vilima viwili tofauti. Siwezi kuviunga nikajifanya ni kimoja. Katika Nkwenda nina miaka ya mti na miaka ya baada ya mti. Wanasayansi wa hali ya hewa hutaka angalau miaka thelathini mahali pamoja ndipo waseme kawaida ya mahali ni ipi. Mimi sitaifikisha. Mzee husikitika, maana alitaka jibu, na ninajua angelipata kwa mtu mwingine siku hiyohiyo.

Ndiyo maana nimekabidhi. Mwaka uliopita nilistaafu, na ufunguo wa uzio nikampa msichana wa kidato cha tatu anayeishi mita mia mbili kutoka shuleni, chini ya usimamizi wa mwalimu kijana wa hisabati. Nilimpa bilauri ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti. Nilimwonyesha namna ya kupiga goti, tumbo la maji, 0.0 za Julai. Nilimwonyesha pia daftari la pili, ukurasa wa Aprili 1999, wino mwekundu. Aliusoma akaninyamazia, kisha akauliza kama mtu aliyekuja kunakili alinikasirikia. Nikamwambia hapana.

Mwezi uliopita nilipita shuleni kusalimia. Nikaomba daftari. Kurasa zake ni safi kuliko zangu: 2.6, 0.0, 14.1, 0.0, 0.0, 7.9. Katikati ya mwezi pana kisanduku kimoja ambacho hakina namba. Kesho yake ameandika 31.2, na mshale mdogo kuonyesha kwamba ni maji ya siku mbili. Pembeni, kwa mwandiko wake wa kubana, ameandika: "Sikupima. Tulikuwa msibani kwa bibi, Kaisho."